Kutengeneza spoila ya nyuma nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimetengeneza spoila tatu uani kwangu, Dar es Salaam. Ya kwanza iliyeyuka kabla haijawa spoila. Ya pili ilipasuka baada ya miezi michache. Ya tatu ndiyo iliyo kwenye Toyota Mark X ninayoendesha, na kwa sababu yake watu hunisimamisha kwenye maegesho, kwenye foleni, hata nje ya msikiti, wakiuliza maswali yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Ninachozungumzia ni spoila fupi ya faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini) inayokaa juu ya buti la gari la saluni, ile yenye umbo la mkia wa bata. Mabawa makubwa ya kusimama juu ya nguzo nimeyaacha, na sababu utaiona mbele.

Spoila inafanya kazi kweli, au ni urembo tu?

Inafanya kazi, ila si kwa mwendo unaokwenda nao Mandela Road saa kumi na mbili jioni.

Hewa inayopita juu ya paa huteremka kwenye kioo cha nyuma na kupita juu ya buti kwa kasi. Inapokwenda kasi hivyo, mgandamizo wake hushuka, na sehemu ya nyuma ya gari huanza kuvutwa juu. Spoila huizuia hewa hiyo mwishoni mwa buti, mgandamizo ukapanda, na gari likaacha kunyanyuka kiasi kile. Nguvu ya hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu huwa mara nne. Kwenye 50, ambayo ndiyo kikomo cha mijini Tanzania na Kenya, huwezi kuhisi chochote. Kwenye barabara kuu utahisi kidogo, kama gari lina tabia ya kuelea.

Watu wa mbio waligundua hili zamani. Mwaka 1961 Ferrari waliweka bati fupi nyuma ya gari lao la mbio, na jina linalohusishwa na wazo hilo ni la dereva wao Richie Ginther. Mkia wa bata uliopata umaarufu kuliko yote ni wa Porsche 911 Carrera RS 2.7, iliyotoka mwishoni mwa 1972. Ule haukubuniwa kwa ajili ya picha. 911 za kabla yake zilikuwa nyepesi nyuma zikienda kasi. Na kuna Audi TT ya kwanza. Ilitoka 1998 ikiwa na mgongo laini wa kupendeza bila spoila, ajali za mwendo kasi zikatokea Ujerumani, na kampuni ikayaita magari hayo yarudi kufungwa spoila ndogo pamoja na mfumo wa kudhibiti utelezi. Mtu akikuambia spoila ni pambo tupu, mtajie hiyo TT.

Lakini wale walikuwa na handaki la kupimia upepo. Mimi na wewe tuna ua na kamba ya kuanikia nguo. Tengeneza spoila kwa ajili ya umbo, hakikisha haileti madhara, na faida ya hewa ikipatikana ishukuru.

Spoila na bawa si kitu kimoja?

Hapana. Spoila imekaa kwenye mwili wa gari bila hewa kupita chini yake. Bawa limesimama juu ya nguzo, hewa inapita juu na chini, na linasukuma gari chini kama bawa la ndege lililopinduliwa. Nguvu yake yote hushuka kupitia nguzo mbili hadi kwenye bati la buti, bati ambalo halikutengenezwa kubeba kitu. Bawa la kutengeneza nyumbani likichomoka kwenye kilomita 110, aliye nyuma yako na pikipiki ndiye atakayelipia. Ndiyo maana siliandikii maelekezo.

Nitengeneze au ninunue?

Kama gari lako lina spoila ya dukani inayolingana nalo, nunua. Nasema hivi kama mtu anayependa kazi yenyewe. Za plastiki zinazotoka China au kupitia Dubai zinakuja na umbo sawa pande zote mbili, na muda utakaouokoa ni wikendi tatu. Tengeneza pale gari lako linapokuwa la aina isiyo na vifaa sokoni, au unapotaka umbo ambalo hakuna mwenye nalo, au unapotaka tu kujifunza faiba. Faiba ni elimu inayotumika: ukishaijua utaziba bampa, tangi la maji na hata ngalawa ya mjomba.

Nianzie wapi?

Anza na boksi la kadibodi. Kata umbo unalofikiria, libandike kwenye buti kwa tepu ya karatasi, kisha rudi nyuma hatua ishirini. Piga picha kutoka upande, nyuma, na kwenye kona. Liache hapo siku mbili tatu, ulitazame asubuhi ukitoka na jioni ukirudi. Umbo lililokusisimua Jumamosi huenda Jumatatu likakuchekesha.

Kimo cha sentimita 4 hadi 7 juu ya ukingo wa buti kinatosha kwa saluni nyingi. Kaa kwenye kiti cha dereva uangalie kioo cha ndani: kadibodi ikikata sehemu ya kioo cha nyuma unayoitegemea, punguza. Angalia pia taa ya tatu ya breki ilipo na kamera ya kurudi nyuma inaona nini.

Fanya jaribio moja zaidi ambalo wengi hulisahau. Fungua buti, ning'iniza mfuko wenye pakiti mbili za sukari za kilo mojamoja kwenye ukingo wake wa nyuma, halafu uone kama linabaki juu. Likishuka taratibu, springi zako zimechoka tayari na spoila itakuwa inakuangukia kichwani sokoni.

Ninahitaji vifaa gani, na kiasi gani?

Kwa spoila ya urefu wa mita 1.3 hivi, mimi hununua resini ya polyesta (gundi ya majimaji inayoganda) kilo 3 na hadena yake (dawa inayoigandisha), mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba kama mita mbili za mraba, povu gumu, puti ya gari kilo moja, misasa kuanzia namba 40 hadi 800, asetoni ya kusafishia brashi, brashi za bei rahisi tano au sita, tepu ya karatasi, foili ya aluminiamu, nta ya kung'arishia gari, bolti za milimita 6 za chuma kisichoshika kutu na washa pana. Ongeza glavu, miwani ya kinga, barakoa ya kuchuja kemikali, mizani ndogo ya jikoni ambayo haitarudi jikoni tena, na bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano.

Hesabu ya resini ni rahisi: mkeka hunywa uzito wake mara mbili hadi mara mbili na nusu. Tabaka tatu kwenye nusu mita ya mraba ni gramu 675 za mkeka, kwa hiyo kilo moja na nusu ya resini au zaidi kidogo. Inayobaki ni ya makosa, nawe utakosea.

Pwani hupati shida kuipata faiba, kwa sababu ndiyo inayorekebishia boti. Muulize fundi boti ananunua wapi kabla hujamuuliza muuza vipuri vya magari. Dar watu huanzia Kariakoo na Gerezani. Nairobi, Industrial Area. Ukinunua mkeka, ukunjue dukani uutazame. Ulionyonya unyevu au kulowa kwenye ghala hautashikana vizuri na resini, na utabaki na madoa meupe yasiyotoka.

Povu la boksi la samaki linafaa?

Hili ndilo swali ambalo nilipaswa kuuliza mwenyewe. Povu jeupe la chembechembe, lile la maboksi ya samaki na televisheni, huliwa na resini ya polyesta. Ndani ya resini hiyo kuna stairini, nayo huliyeyusha povu lile kama sukari kwenye chai. Nililichonga siku nzima, nikalilainisha mpaka likapendeza, nikapaka resini, nikaenda kunywa maji. Niliporudi nilikuta bonde.

Tumia povu la poliyurethani, la manjano au rangi ya maziwa, linalouzwa kwa mabamba ya kuzuia joto kwenye vyumba vya baridi. Lile la kopo la kuzibia fremu za milango pia ni la aina hiyo na linafaa, ila lipulize kwa tabaka nyembamba na ulipe siku nzima kukauka. Ukijaza kwa pupa, katikati litabaki bichi na litaendelea kuvimba ndani ya spoila yako. Kama huna namna ila lile jeupe, basi ubadilishe resini: epoksi hailiyeyushi. Ila mkeka wa kawaida umeshikanishwa kwa gundi inayosubiri stairini iilainishe, kwa hiyo kwenye epoksi mara nyingi hubaki mgumu usiolala kwenye kona. Kwa epoksi tafuta kitambaa cha faiba kilichofumwa.

Hatua zenyewe zikoje?

Nitaeleza njia ya kutengeneza spoila moja bila kalibu (umbo la kunakilia), kwa kuanzia juu ya gari lenyewe. Ni njia ndefu kidogo kuliko kuchonga povu na kulifunika, lakini inatatua tatizo kubwa kuliko yote: spoila kukaa. Umbo la juu ni suala la macho yako. Umbo la chini lazima lilingane na buti milimita kwa milimita, na buti lolote lina mikunjo ambayo jicho halioni mpaka uweke kitu kilichonyooka juu yake.

Osha buti, likauke, lipake nta. Funika eneo la kazi kwa tepu ya karatasi, mistari ikipandana kidogo, kisha juu yake foili ya aluminiamu iliyonyooshwa bila mikunjo, kisha nta tena juu ya foili. Sehemu nyingine yote ya gari, pamoja na kioo na taa, ifunike kwa nailoni na uibane kingo zake. Tone moja la resini kwenye rangi ya gari halitoki kwa maombi.

Kata vipande vya mkeka kabla hujachanganya chochote. Chora mipaka ya spoila kwenye foili kwa kalamu ya wino mzito, na vipande viizidi mipaka hiyo kwa sentimita 3 kila upande. Changanya resini kidogo, paka kwenye foili, laza mkeka, kisha gonga kwa ncha ya brashi. Usipake kama unapaka rangi ukuta. Ukiburuta brashi, nyuzi zinakufuata. Gonga mpaka mkeka ubadilike kutoka weupe hadi kuwa kama kioo cha maji. Weupe uliobaki ni hewa. Weka tabaka la pili papo hapo likiwa bado bichi. Hicho ndicho kitako.

Kikishakuwa kigumu, kiache hadi kesho yake, kisha kiinue taratibu kuanzia kona. Sasa una sahani nyembamba inayolala kwenye buti lako na si lingine. Ikwangue kwa msasa wa 80, kwa sababu faiba mpya haishiki vizuri juu ya uso unaong'aa, kisha bandika povu juu yake.

Kuchonga povu ni raha ya kazi yote. Kisu cha mkate, msumeno wa chuma, halafu msasa wa 40 uliobandikwa kwenye ubao mrefu. Usichonge kwa mkono mtupu, vidole huacha mabonde. Ili pande mbili zilingane, weka alama katikati, chonga upande mmoja mpaka uridhike, kisha kata vipande vya kadibodi vinavyofuata umbo lake kila baada ya sentimita 10. Vigeuze, uvitumie kama kipimo cha upande wa pili. Jicho husamehe spoila yenye umbo la ajabu, lakini iliyopinda haisamehe.

Kabla hujafunika povu, weka bolti. Hapa spoila yangu ya pili ndipo ilipofia, kwa hiyo nitasema polepole. Bolti haiwezi kushikwa na povu, wala na faiba nyembamba peke yake. Tafuta vipande vinne vya bamba la chuma la milimita 2 au 3, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, toboa katikati, pitisha bolti na uchomelee kichwa chake kwenye bamba. Chimba povu mpaka kwenye kitako, laza bamba ndani, bolti ikitokeza chini, kisha lifunike kwa tabaka tatu za mkeka zinazopanda juu ya kitako pande zote. Bolti mbili kila upande. Kabla ya kuzipangia mahali, chungulia chini ya buti: upande wa ndani una fremu yenye matundu, na nati zako lazima ziangukie mahali ambapo spana inafika.

Ndipo ufunike povu lote kwa tabaka mbili za mkeka, tatu kwenye kingo, ukizishusha hadi zishikane na kitako. Ikikauka, kata ziada kwa grinda yenye diski nyembamba, ukiwa umevaa kila kitu.

Niweke hadena kiasi gani?

Kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini. Kwenye joto la Dar la digrii 30, kaa karibu na 1: kwa gramu 200 za resini, mililita 2. Nairobi mwezi wa Julai unaweza kwenda hadi 2. Lenga kupata dakika 15 hivi za kufanya kazi kabla haijaanza kuwa kama uji wa muhogo.

Usichanganye zaidi ya gramu 300 kwa mara moja. Resini ikiganda hutoa joto, na ikiwa imejikusanya kwenye kopo joto halina pa kutokea. Niliwahi kuchanganya karibu kilo nzima saa saba mchana kwa haraka ya kumaliza kabla ya mvua. Kopo lilitoa moshi, likapinda, jirani akapiga kelele za moto. Kazi ya mikeka ifanye asubuhi mapema au baada ya alasiri, kivulini.

Kuna onyo moja ambalo halina mzaha. Resini nyingine huuzwa bila kiharakishi, na muuzaji anakupa chupa mbili: kiharakishi cha kobalti na hadena. Hizo mbili zisikutane moja kwa moja hata kwa tone, kwa maana zinaweza kulipuka. Kiharakishi kinaingia kwanza kwenye resini na kukorogwa kabisa, ndipo hadena ifuate. Afadhali ununue resini iliyokwisha kuwekwa kiharakishi.

Ni hatari nyumbani, hasa kwenye watoto?

Ni hatari kiasi cha kuhitaji heshima. Hadena ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Miwani ivaliwe kabla chupa haijafunguliwa, na ikitokea ajali mwagia maji safi mfululizo angalau dakika 15 kisha nenda hospitali, usisubiri kuona kama litatulia. Harufu ya resini haizuiwi na barakoa ya kitambaa wala ya hospitali. Unahitaji ile yenye vichujio vya mkaa, na ufanyie kazi nje, mbali na jiko la mkaa au gesi, kwa sababu resini na asetoni zote zinashika moto.

Vumbi la faiba halina sumu ya haraka, lakini linawasha kama upupu. Vaa mikono mirefu, sugua kwa maji ili vumbi lisiruke, na ukimaliza jimwagie maji baridi kwanza kabla ya ya moto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mke wangu alijifunza hilo kupitia shuka, nami nikajifunza kupitia mke wangu.

Kwa nini kusugua hakuishi?

Kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Faiba ni siku moja, povu ni siku moja, msasa ni wiki.

Sugua faiba kwa 80, paka puti nyembamba, sugua kwa 80 tena kisha 120, paka puti pale palipobaki mabonde, 180, 240. Puti isizidi milimita 3 popote; palipohitaji zaidi ulikosea kwenye povu, ongeza mkeka. Spoila iliyojaa puti ni nzito na hupasuka. Kuyaona mabonde, pulizia ukungu mwembamba wa rangi nyeusi ya kopo juu ya puti, kisha usugue kwa ubao: palipobaki peusi ni shimo. Au ilowanishe kwa maji uitazame kwa kuinama wakati wa jua la jioni. Mwanga wa pembeni hauna upendeleo.

Baada ya hapo praima, kisha msasa wa 400 na wa 600 kwa maji.

Lakini kabla ya praima ya mwisho, ianike juani siku nne au tano. Faiba mpya huendelea kukaza na kusinyaa kwa joto, na ukiipaka rangi mapema, mwezi mmoja baadaye alama za nyuzi hujitokeza juu ya rangi kama mishipa ya mkono wa mzee. Kama gari lako ni jeusi, ianike wiki nzima. Iwe imefungwa kwenye buti wakati huo, juu ya nailoni, isije ikajipinda.

Rangi nipige mwenyewe?

Praima ndiyo. Rangi na klia (vanishi angavu ya juu ya rangi), mimi hupeleka kwa fundi mwenye chumba cha rangi. Klia nzuri ya hadena ina aisosianeti, kemikali inayoharibu mapafu, na kinga yake ya kweli ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Isitoshe, ua una inzi, na inzi wanapenda klia.

Mpelekee fundi namba ya rangi ya gari, si jina. Toyota za Japani huwa nayo kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango: 202 ni nyeusi, 1F7 ni fedha, 070 ni nyeupe ya lulu. Wenye 070 wajiandae kulipa zaidi, kwani hupigwa msingi, kisha lulu, kisha klia, na tabaka moja la lulu likizidi spoila inaonekana ya gari la mtu mwingine. Mwambie pia buti lako limefifia kwa jua miaka mingapi. Fundi mzuri atapaka kipande cha majaribio alinganishe. Masika, omba asubiri siku kavu, maana unyevu huifanya klia iwe na ukungu.

Lazima nitoboe buti? Gundi haitoshi?

Kwa ukingo mwembamba wa sentimita mbili, tepu imara ya povu yenye gundi pande mbili, ile ya kubandikia nembo za magari, inatosha ukisafisha vizuri. Kwa mkia wa bata wenye kilo mbili na nusu, hapana. Toboa.

Paka rangi ya midomo kwenye ncha za bolti, shusha spoila mahali pake, inua: alama nne hizo hapo. Niliazima bila ruhusa, usifuate mfano huo. Toboa kwa drili ya milimita 3 kwanza, kisha 7. Lainisha kingo za tundu, ondoa kila chembe ya chuma, maana chembe moja hushika kutu na kutafuna rangi pembeni yake. Paka praima ya zinki kwenye chuma kilicho wazi, iache ikauke. Kwenye hewa ya chumvi, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, ukiruka hatua hii mwaka hauishi kabla kutu haijatokeza.

Weka mpira mwembamba kati ya spoila na buti kuzunguka kila bolti, silanti ya poliyurethani juu yake, kisha ndani washa pana na nati zenye nailoni. Kaza kwa mkono na nguvu kidogo, bati la buti linabonyea kirahisi. Mwaga ndoo mbili za maji, fungua buti, pitisha kidole. Baada ya wiki moja ya kuendesha, kaza tena.

Trafiki watanisumbua? Na bima?

Spoila ambayo haizidi upana wa gari, haina ncha kali, haifichi taa ya breki wala namba, mimi haijawahi kunisimamisha. Inayoficha taa ya tatu ya breki usiifunge: hata kama hakuna askari, kuna daladala nyuma yako. Kwa rangi, ipige ya gari lenyewe, maana rangi imeandikwa kwenye kadi. Bima waandikie ujumbe mfupi wenye picha kabla ya ajali, si baada.

Je, nikiichapisha kwa printa ya 3D?

Inawezekana kwa vipande vya kuunganisha, ila si kwa plastiki ya PLA. Hiyo hulainika karibu na digrii 60, na buti jeusi lililoegeshwa juani mchana hufika huko. Tumia plastiki ya ABS au ASA, au chapisha umbo tu kisha ulifunike kwa faiba.

Na kaboni?

Nyuzi za kaboni zinataka epoksi, na ili zipendeze zinataka mfuko wa kunyonya hewa na kalibu safi. Kwa kitu cha mita moja kwenye buti la chuma, unaokoa gramu mia kadhaa. Wengi wanachotaka ni ule mwonekano wa mkeka mweusi, na huo upo kwenye stika.

Itanipunguzia mafuta?

Usiitengeneze kwa sababu hiyo. Fupi iliyopangwa vizuri huweza kupunguza ukinzani wa hewa kidogo, ndefu huuongeza, na uani huna njia ya kujua uliyonayo ni ipi.

Rafiki yangu ana gari kama langu. Naweza kutoa ya pili kutoka kwenye hii?

Unaweza, ila toa kalibu kabla spoila haijapigwa rangi, ikiwa kwenye praima iliyosuguliwa kwa 800 na kung'arishwa. Ipake nta mara tano, kila mara ukiiacha saa moja kabla ya kuifuta, kisha safu ya PVA ya majimaji (dawa ya kuzuia kunata) inayokauka na kuwa ngozi nyembamba. Ndipo jelkoti (resini nzito ya tabaka la uso), na tabaka nne au tano za mkeka, kwa siku mbili, si zote kwa mkupuo, la sivyo joto litaipinda. Kalibu iwe nene mara mbili ya spoila. Kama kingo za spoila yako zinajikunja kwa ndani, ifanye kalibu ya vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti, vinginevyo vitu hivyo viwili havitaachana tena. Na umwambie rafiki alete buti lake kwanza ulijaribishie ile ya kwanza. Buti lililowahi kugongwa na kunyooshwa halilingani na jingine hata kama gari ni la mwaka mmoja, nami nimeona nafasi ya kidole kizima kati ya spoila na buti la gari ambalo mwenyewe aliapa halijawahi kuguswa.